Ngao Tunayoishi Chini Yake

Katika filamu ya Rogue One ya mwaka 2016, sayari ya Scarif imefunikwa gubigubi na ngao ya nishati. Lango ni moja tu, huko juu angani. Likifungwa, chombo kinachokuja kwa kasi hupasukia papo hapo. Niliistaajabia akili ya waliobuni kitu kile, hadi nilipokumbuka kwamba nami nimezaliwa chini ya ngao.

Kilomita 2,900 hivi chini ya nyayo zetu, chuma kilichoyeyuka kinazunguka na kutokota bila kupumzika. Mwendo huo huzaa umeme, na umeme huzaa nguvu ya sumaku, ileile inayogeuza sindano ya dira ya nahodha. Nguvu hiyo inapanda angani makumi ya maelfu ya kilomita, na huko inakutana na upepo wa jua: chembe zenye umeme, zinazokwenda kilomita 400 na zaidi kwa sekunde moja. Nyingi hupinda zikatupita ubavuni, kama maji yanavyogawanyika mbele ya omo la jahazi.

Mirihi nayo ilikuwa na sumaku ya namna hii. Ilizimika miaka bilioni 4 hivi iliyopita. Chombo cha MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014, kimeshuhudia upepo wa jua ukiendelea kuipora sayari ile hewa kidogo iliyobaki. Mabonde yaliyochimbwa na mito yangalipo, makavu.

Sisi tuna pia ngao ya pili, hewa hii tunayovuta. Eksirei za nyota huishia humo, hazigusi ardhi. Ndiyo maana setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za mbinguni ilibidi ipandishwe juu ya hewa. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake. Ikaitwa Uhuru.

Hapo ndipo moyo wangu unaponyenyekea. Lango la Scarif lilikuwa ama wazi ama limefungwa. Ngao yetu ya hewa haina lango, lakini inachagua! Eksirei na mwanga ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Utukufu ni wako, Ee Muumba: mmoja umemzuia mlangoni, na mwenzake ameingia, anaivisha mpunga.