Haki ya Msasi juu ya Sungura

Katika karne ya 4 ya Hijra, huko Basra, jamaa wa wanazuoni waliojisitiri nyuma ya jina la Ikhwan as-Safa waliandika risala ambayo ndani yake wanyama wanamshitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, wakidai kwamba amewatumikisha, amewachinja na kuwasaka maporini pasi na hoja yoyote ila nguvu zake. Binadamu anajitetea kwa umbo lake lililonyooka, kwa akili yake na kwa ufundi wake, na kila analolileta wanyama wanalivunja. Kinachomwokoa mwishoni ni ile ahadi ya kufufuliwa na kusimamishwa mbele ya Mola wake. Mimi naifahamu hukumu hiyo hivi: kwamba aliyepewa ruhusa ya kuua ni yule tu ambaye ataulizwa kwa nini ameua, na kwamba ruhusa hiyo, ikitengwa na suali lake, haibaki kuwa haki bali hugeuka kuwa dhuluma.

Nataka kuipima kauli hiyo kwa jambo dogo, nalo ni kuwinda sungura kwa ajili ya kitoweo, kwa kuwa kijana anayejifunza usasi aghalabu huanzia hapo, na kwa kuwa jambo dogo ndilo watu hulifanya bila kujiuliza. Mwenye mbuzi ana la kusema akiulizwa: amemlisha, amemkinga na chui, amemwuguza, na hata kama malipo ya wema huo ni kisu, baina yao palikuwa na maingiliano. Sungura wa nyikani hana deni kwetu. Hakula chetu, isipokuwa pale alipoingia usiku katika shamba la kunde, na hapo mkulima hudai kwamba anajilipa, ingawa mimi sijaona mkulima aliyeacha kumla sungura kwa sababu shamba lake lilikuwa salama. Tena huyu ndiye mnyama ambaye ngano zetu zimempa akili kuliko wote: Askofu Steere alipochapisha hadithi za Waswahili mwaka 1870 alimkuta tayari akiwahadaa fisi na simba, na katika Kalila na Dimna, kitabu alichokitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu katika karne ya 8, ni sungura anayemwongoza simba mpaka kisimani akaangamie. Basi kwa hoja gani tunamwua asiyetudai wala tusiyemdai, naye ndiye tunayemsifu mbele ya watoto wetu?

Jawabu la kwanza, ambalo wengi hukomea hapo, ni kwamba ni halali. Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim, Anas bin Malik anasimulia kuwa walimkurupusha sungura huko Marr adh-Dhahran, karibu na Makka, watu wakamfukuza hata wakachoka, naye akamkamata, akampelekea Abu Talha, ambaye alimchinja na kupeleka mapaja kwa Mtume, yakapokelewa. Mayahudi wanakatazwa, kwa kuwa Torati imemtaja katika sura ya 11 ya Walawi miongoni mwa wasio safi, na ndugu zetu Mashia Ithnaasheri nao hawamli. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Mombasa au Unguja chungu kile kile kitakuwa karamu kwa jirani huyu na haramu kwa yule, na mwenye adabu humwarifu mgeni wake kabla hajatia mkono sahanini. Walakini halali maana yake ni kwamba mlango haukufungwa. Haikusemwa kwamba ni lazima uingie, wala kwamba ukiingia hutaulizwa umeingiaje.

Na hapa ndipo sharia, kwa rai yangu, ilipokuwa na busara kubwa kuliko inavyodhaniwa na wale waisomao kama orodha ya makatazo. Mtu anayeanza huvutwa na vyombo viwili vyepesi, tanzi na rungu. Tanzi hutegwa jioni kwenye kijia alichokizoea sungura, mtegaji akaenda zake kulala, na mnyama akanyongeka polepole usiku kucha. Rungu hurushwa kwa pupa, likamvunja mgongo. Sasa tazama aya ya 3 ya Sura ya al-Maida: aliyekufa kwa kunyongwa haliwi, na aliyekufa kwa kupigwa haliwi, isipokuwa akiwahiwa kungali na uhai akachinjwa. Adi bin Hatim, ambaye alikuwa msasi hasa, alifundishwa na Mtume kuwa mshale usio na manyoya ukichoma kwa ncha yake, nyama italiwa, na ukipiga kwa ubavu, isiliwe. Na kwamba mbwa aliyefundishwa, akitumwa kwa jina la Mungu kisha akaanza kula mawindo, basi amejiwindia mwenyewe. Ukizikusanya hukumu hizi utaona zote zinaelekea upande mmoja: zinamkataza msasi asiwe mbali na kifo anachokileta. Zinamtaka awepo, ataje jina la Aliyemruhusu, na kisu chake kiwe kikali. Muhammad bin Safwan aliwinda sungura wawili, asiwe na kisu, akawachinja kwa jiwe lenye makali, akaambiwa ale. Jiwe lilitosha, kwa sababu mkono wake ulikuwapo.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze vipi humwambia aanze kwa wavu, na kabla ya wavu aanze kwa macho. Sungura wetu wa nyikani hachimbi shimo kama yule wa asili ya Ulaya anayefugwa vibandani. Mchana hulala juu ya ardhi katika kilalo cha kina kidogo kilichofinyangwa na kiwiliwili chake, chini ya kichaka au katikati ya nyasi, masikio ameyalaza mgongoni, nawe utampita karibu asitikisike mpaka mguu wako ukaribie kumkanyaga, ndipo achomoke kwa kupindapinda, akipenda kupanda mlima kwa kuwa miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele. Hutoka kula magharibi, na alfajiri utaona mavi yake ya mviringo na majani yaliyokatwa kama kwa wembe. Anayejua hayo atatandaza wavu kwenye njia ya kichakani, wenziwe wawili watatu wakaswaga kutoka upande wa pili, na mnyama akinaswa atakuwa mzima mikononi mwao, achinjwe upesi kama ipasavyo. Mbwa naye anafaa, ila sisi tulio katika madhehebu ya Shafii tuna shughuli ya kuosha palipoumwa, na wengi huona wavu una raha zaidi.

Ipo kurunzi pia, au taa ya pikipiki, ambayo siku hizi imekuwa chombo cha vijana: sungura akimulikwa usoni huduwaa. Sikuona mwanachuoni aliyeiharamisha, na nyama yake ikichinjwa vizuri ni nyama. Lakini mimi siipendi, kwa kuwa hurahisisha kuchukua watano pale alipohitajiwa mmoja, na suali la mwisho wa risala ile ya Basra litakuwa juu ya wale wanne.

Ipo hoja ambayo siwezi kuivunja. Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Sham aliyefariki mwaka 1057, aliacha nyama, maziwa, mayai na hata asali, akiona kwamba vyote ni kupora viumbe, na al-Muayyad wa Shiraz, mlinganiaji wa Mafatimi, alipomwandikia kumhoji, al-Maarri hakuacha msimamo wake. Yeye anasimama pahali pasipo na suali la kujibu, nami namheshimu. Lakini anayenunua paja la mbuzi buchani, halafu akamlaumu msasi kwa ukatili, hasimami pahali pa al-Maarri. Amemwachia mwingine kuwepo, akabaki na utamu.

Kuna pia ruhusa ya wenye nchi, ambayo msasi mchanga hupenda kuipuuza: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania hudai leseni, na ardhi ya mtu haiingiwi ila kwa idhini yake. Ndiyo kusema somo hili lote kwa Mkenya ni la kutafakari tu, na kwa Mtanzania huanzia ofisi ya wanyamapori.

Limebaki moja linalonitatiza. Katika nchi zenye baridi wasasi huacha kuwinda majira ya kuzaa. Kwetu sungura huzaa mwezi wowote, na watoto, ambao huzaliwa na manyoya na macho yaliyofumbuka, huachwa majanini wakimngoja mama arudi kunyonyesha. Ukiwa umemnasa jike katika wavu, mtazame chuchu kabla ya kutoa kisu, na ukiona maziwa, mfungue umwache aende. Hakuna faqihi atakayekulazimisha hilo, na wenzio walioswaga tangu alfajiri watanung'unika.