Sabato ya Jambazi

Wanaume wawili wanafukuzwa na kundi la wapanda farasi wenye bunduki na kamba ya kunyongea. Mmoja ni mwizi wa benki, mwingine ni rabi wa Kiyahudi kutoka Poland. Farasi wao wazima, njia iko wazi, lakini leo ni Jumamosi na rabi hapandi farasi siku ya Sabato. Basi wanakwenda kwa miguu huku wamewashika farasi hatamu, mwizi akifoka njia nzima, hadi jua linapozama. Hapo rabi anarukia tandiko na kutimka. Ni kichekesho cha The Frisco Kid, filamu ya kauboi ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Robert Aldrich. Rabi Avram Belinski ni Gene Wilder. Mwizi Tommy Lillard ni Harrison Ford, miaka miwili tu baada ya Star Wars.

Watazamaji humcheka rabi. Kwangu mimi, wa kutazamwa hapo ni mwizi. Sabato si yake. Hajui hata inaanza saa ngapi. Ana farasi, ana fedha za watu, na hakuna aliyemshika shati asiondoke. Mbona basi yuko pale, anavuta farasi kwa mwendo wa mtu anayetoka sokoni, na shingo yake inatafutwa?

Kusema ni kwa sababu ya urafiki hakutoshi, maana urafiki ndio unaotakiwa kuelezwa. Aristotle, katika kitabu cha nane cha maadili yake, aliugawa mafungu matatu: urafiki wa faida, urafiki wa raha, na urafiki wa watu wema wanaofanana katika wema wao. Mawili ya kwanza hufa kilichoyaleta kikiisha. Aldrich alilijua fungu la kwanza vizuri. Mwaka 1954 alitengeneza Vera Cruz, ambamo Gary Cooper na Burt Lancaster wanaungana huko Mexico kwa ajili ya dhahabu, na mwisho mmoja anampiga mwenzake risasi. Ni filamu nzuri kuliko hii, tena fupi zaidi, na kuhusu binadamu inasema jambo ambalo kila mfanyabiashara analijua.

Tommy na Avram hawatoshi katika fungu lolote. Faida haipo: rabi ni mzigo mtupu. Haogelei, hana shabaha, na njia haijui. Raha ipo kidogo, lakini raha haikai karibu na kamba ya kunyongea. Ama kufanana kwa wema, mmoja anaishi kwa kuvunja benki na kusimamisha treni, na mwingine hali chakula mpaka akiombee. Ikiwa Aristotle yuko sahihi, wawili hawa walipaswa kuachana kwenye njia panda ya kwanza.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1850. Avram, aliyemaliza masomo akiwa karibu na mkia wa darasa, ametumwa San Francisco kuwaongoza Wayahudi wasio na rabi, na amebeba gombo la Taurati walilohitaji. Jambo hilo halikutoka hewani. Dhahabu ilionekana California Januari 1848, na kufikia vuli ya 1849 Wayahudi wachache wa San Francisco walikuwa tayari wanakutana kusali. Jumuiya zilizotokana na watu hao, Emanu-El na Sherith Israel, zipo hadi leo. Avram anashuka Philadelphia na kuporwa na watu aliowaamini kwa sababu walimchekea. Anaokotwa na Waamishi, kundi la Wakristo, ambao anawadhania Wayahudi wenzake kwa sababu wana ndevu na kofia nyeusi. Anakosea mara mbili kwa kufuata sura. Anayemfikisha ni mtu ambaye sura yake yote ni ya jambazi.

Mimi nasema hivi: mshirika wa kweli ni yule anayelipia kiapo ambacho yeye hakukila. Halazimiki kukiamini. Anaweza hata kukidhihaki, kama Tommy anavyofanya bila kuchoka. Kinachomtofautisha ni kwamba gharama ya kiapo inapoanguka, inaangukia pia mabega yake, naye hayaondoi. Sisi tuliolelewa na utani hatupaswi kushangaa kwamba dhihaka na wajibu hukaa nyumba moja. Katika miaka hiyohiyo ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakiteremka na misafara kuja pwani walijenga utani na Wazaramo. Mtani alimcheka mtani wake mpaka msibani, kisha akawa wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Ila utani una desturi iliyokwisha kukubaliwa na watu wengi, na kila mmoja anajua haki yake. Tommy hana desturi ya kumwongoza. Anabuni wajibu huku anatembea.

Msomaji makini ataniuliza: je, Tommy si analipa deni tu? Aliibia benki huku rabi akimngoja nje bila kujua lolote, kwa hiyo kamba ile inamtafuta Avram kwa kosa la Tommy. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini deni la aina hiyo lina namna rahisi ya kulipwa: mkamate rabi, mfunge juu ya tandiko, mpige farasi kiboko, roho yake ipone kwa lazima. Mwizi mwenye mikono kama ile angeifanya kazi hiyo kwa dakika moja. Tommy hakufanya. Aliona kwamba Avram aliyepona kwa kufungwa kamba asingekuwa Avram aliyekuwa anatembea naye. Mhasibu hana safu ya kuandikia jambo hilo.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka ndani ya dini ya Avram mwenyewe. Sheria ya Kiyahudi haimtaki mtu afe kwa ajili ya Sabato. Kuokoa uhai kunatangua karibu kila katazo, na kupanda farasi ni katazo dogo. Somo hilo lilipatikana kwa damu: kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinasimulia watu waliouawa pamoja na watoto wao kwa kukataa kujitetea siku ya Sabato, hadi kuhani Matathia na wenzake wakaamua kwamba tangu hapo watapigana hata siku hiyo. Kwa hiyo rabi wetu hajui sheria yake barabara. Kumbuka alikuwa mkiani darasani. Waandishi wa filamu huenda walitaka kichekesho tu, lakini kichekesho chao kimezaa jambo la kufikirisha: Tommy alihatarisha maisha kwa ajili ya kiapo ambacho hata mwenye kiapo alikisoma vibaya.

Hilo linaushusha uaminifu wake? Sidhani. Linaonyesha tu kwamba uaminifu una upofu wake, na mshirika asiyejua sheria za mwenzake anaweza kumsindikiza kaburini kwa heshima zote. Kumheshimu mtu ni pamoja na kumuuliza. Tommy alifoka sana, ila hakuwahi kuuliza kama Sabato kweli inadai hayo. Pengine jibu lingewaokoa wote wawili saa kadhaa za kutembea.

Deni linamrudia Avram ufukweni, walipofika Bahari ya Pasifiki. Wale waporaji wa Philadelphia wanawavamia, risasi zinalia, na Avram anaikimbilia Taurati kwanza. Baadaye anamuua mmoja wa wavamizi ili kujiokoa yeye na Tommy. Lakini kinachomvunja moyo zaidi ni zile sekunde za mwanzo, alipolichagua gombo na kumwacha mtu. Anajiona hafai tena kuwa rabi. Na kwa sheria yake, safari hii hesabu yake ni sahihi. Gombo la Taurati lina herufi 304,805 kwa hesabu ya jadi. Mwandishi stadi huliandika kwa mkono kwa mwaka mmoja hivi, nalo likiharibika anaandika jingine.

Anayemrudisha kwenye kazi yake ni mwizi. Avram amevua mavazi yake, amekana cheo chake, na Tommy ndiye anayemshikilia kwamba yeye bado ni rabi hata akianguka matopeni. Hapa ndipo filamu hii, yenye sehemu za kati zinazoburutika na mzaha unaorudiwa mno, inapofika mahali ambapo sinema nyingi za kauboi hazifiki. Mwenye kiapo amekidondosha. Asiyekiamini amekiokota na kumrudishia mkononi. Aristotle alitaka marafiki wafanane kwa wema. Hapa wema wa mmoja umehifadhiwa na mtu asiye nao, kwa sababu alikwisha kuulipia njiani na hakutaka gharama ile iwe ya bure.

Ningependa kuishia hapo, ila yupo mshirika wa tatu ambaye filamu inamsahau. Kabla ya pwani, Avram na Tommy wanatekwa na Wenyeji wa Amerika. Mkuu wao, Wingu la Kijivu, anampima rabi kama yu tayari kuingia motoni kwa ajili ya gombo lake, kisha anamuuliza kama Mungu wake huleta mvua. Rabi anajibu kwamba hiyo si kazi ya Mungu wake, na papo hapo mvua inanyesha. Usiku wanacheza ngoma pamoja. Ni mazungumzo bora ya filamu nzima: watu wawili wenye imani wanaulizana maswali ya kweli, jambo ambalo Tommy hakulifanya. Aliyepewa nafasi ya mkuu huyo, Val Bisoglio, ni Mmarekani mwenye asili ya Kiitalia. Asubuhi wageni wanaondoka, na filamu haigeuki nyuma tena.

Kipimo nilichokiweka kinanilazimisha kuuliza nani alilipia kiapo cha Wingu la Kijivu. Avram na Tommy walipokea ukarimu wake, wakaendelea kwenda California, ambako wenyeji waliokuwa kama 150,000 mwaka 1848 walibaki kama 30,000 miaka ishirini na ushei baadaye, kwa maradhi, njaa, utumwa na mauaji yaliyolipiwa na serikali. Aprili 1850, mwaka uleule wa hadithi hii, bunge la California lilipitisha sheria iliyoitwa ya kuwatawala na kuwalinda Wahindi. Iliruhusu watoto wao kuwekwa chini ya mabwana wa kizungu kama vibarua, na watu wazima walioitwa wazururaji kukodishwa kwa mnada. Na ilitamka wazi kwamba hakuna mzungu atakayetiwa hatiani kwa ushahidi wa Mhindi.