Mzigo wa Kwanza



Katika karne ya 19, kijana wa Kinyamwezi hakuwa mtu mzima kwa maneno. Alikwenda Pwani. Aliondoka Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, pembe ya ndovu begani, akielekea Bagamoyo. Jua, na mzigo. Kiu, na mzigo. Nyika ya Mgunda Mkali, na bado mzigo. Nyumbani walimsubiri wazazi, pengine na mchumba.

Alitaka kuwa mtu. Basi akabeba.

Nawaheshimu wapagazi wale kuliko mabwana wa misafara walioandikwa vitabuni. Mbele walitangulia wazoefu, waliojua njia na visima. Nyuma yao alifuata yeye, mgeni wa kazi, bega likimuuma, akijifunza kwa kutembea.

Kazini kwako leo yupo kijana kama yeye. Anatamani kuwa fundi, kuwa muuguzi, kuwa mwalimu. Anashika chombo vibaya. Anauliza jambo moja mara mbili. Usiseme anajifanya. Usimcheke. Muulize mzigo umemwelemea wapi, kisha umsaidie kuuinua.