Neno la Hakimu na Ulimi wa Jirani

Ndugu msomaji, katika wilaya yetu ya Chunya, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, kesi hazikosekani: huyu ameshtakiwa kwa mawe yaliyotoka katika duara la mwenziwe, yule kwa fedha za ubia. Siku ya uamuzi watu hujaa mahakamani, na kabla ya jua kuchwa kila mmoja amekwisha peleka hukumu nyumbani kwake. Jee, ni hukumu ya hakimu, au ameitunga njiani?

Lichukue neno hili: "Mshtakiwa ana kesi ya kujibu." Wengi wakilisikia husema, "Amekwisha, ni mwizi." Sivyo. Maana yake ni kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka unatosha kumtaka ajitetee. Kutiwa hatiani, kama kupo, huja baadaye, na adhabu hufuata nyuma. Anayeitwa mwizi siku hiyo amesingiziwa.

Kuachiwa nako kuna namna mbili. Asiyepatikana na hatia huachiwa huru. Lakini shtaka likiondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka, mtu hutoka, naye aweza kushtakiwa tena kwa jambo lilo hilo. Huyu mahakama haikumsafisha wala haikumtia doa. Nasi tusimwongezee.

Zamani tulikuwa na udhuru. Mahakama za Mwanzo zilitumia Kiswahili, bali za juu yake ziliandika hukumu kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Udhuru umepungua, kuuliza ndiko kulikobaki. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya. Akidhani hukumu ndiyo mwisho, siku zitapita na haki yake itapotea.

Nawe uliyeshinda, usijidanganye. Hakimu huamua kwa ushahidi ulioletwa mbele yake. Ya ndani hayajui. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kupewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amepewa kipande cha moto. Hukumu yaweza kukupa duara; haiwezi kukuhalalishia lisilo lako.

Basi utokapo mahakamani, lichukue neno kama lilivyotamkwa, kwani ni amana. Usipolielewa, muulize karani kabla hujamsimulia jirani.