Kwa Nini Chipsi Zinashinda Ndizi?



Pita Omurushaka au Kayanga jioni, utakuta vijana wamejaa kwenye chipsi mayai. Nyumbani mama kapika ndizi na maharage, vyote vya shambani kwetu, nasi tunalalamika: "Leo tena ndizi?" Hivi kwa nini kisichotufaa ndicho kitamu zaidi?

Sababu ipo. Mwili unahitaji sukari, mafuta na chumvi, na zamani vilipatikana kwa shida. Leo vinauzwa kila kona, lakini ulimi bado unavipokea kana kwamba kesho kuna njaa. Hamu hiyo si dhambi, Mungu ndiye aliyetuumba nayo. Shida inaanza pale hamu inapokamata usukani, sisi tukawa abiria.

Soma Hesabu sura ya 11. Waisraeli walikuwa wanakula mana kutoka mbinguni, lakini walilia wakikumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri. Ladha waliikumbuka, utumwa wakausahau! Dhambi hutudanganya vivyo hivyo.

Habari njema ni kwamba ulimi unafundishika. Baba yangu alizoea chai ya vijiko vinne vya sukari, mpaka kliniki walipomwambia sukari yake iko juu. Wiki ya kwanza alinuna: "Mnaninywesha maji ya moto?" Baada ya miezi miwili, jirani akamkaribisha chai kama ile ya zamani. Alionja, akaweka kikombe chini: "Hii ni chai au asali?" Ulimi ni ule ule, ila umezoea kingine. Na kahawa ya kutafuna wanayokaribishia wageni wazee wetu? Mtoto anaitema, mzee anaifurahia.

Moyo nao uko hivyo. Kuna kipindi nilikuwa naangalia video fupi fupi kwenye simu mpaka saa saba usiku. Rozari nikaiona ndefu, Misa ikawa kama mboga isiyo na chumvi. Sikuwa nimeacha kuamini, jamani. Nilikuwa nimeshiba vitu vingine. Ukishiba pipi, chakula cha mama hakikuvutii, hata kama ndicho kitakachokukuza.

Fikiria Hostia: unga wa ngano na maji tu, bila sukari, bila chumvi. Ulimi haukuti cha kushangilia. Lakini baada ya mageuzo huyo ni Kristo mwenyewe, Mkate wa uzima. Tukimtafuta kwa ulimi uliozoea utamu wa haraka, tutampita.

Danieli na wenzake, vijana kama sisi, waliomba wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji (Danieli 1). Nasi tujaribu siku 10: maji badala ya soda, simu pembeni ikifika saa tatu usiku, na fungu moja la rozari kabla ya kulala. Siku ya tatu itakuwa chungu, nakwambia ukweli. Usikate tamaa. Ukianguka, anza tena kesho yake, na kitubio kipo.

Bwana Yesu, unipe njaa ya kile kinachonipa uzima. Amina.