Safari Isiyo na Haja

Mtu akionekana bandarini Kalemie na mzigo wake, hakosi kuulizwa anafuata nini huko aendako, na majibu yanayokubalika yanajulikana na wote: anakwenda msibani, anakwenda kuposa, anafuata ndagala wa bei nafuu, anampeleka mgonjwa, au anakimbia. Ajibuye kwamba hafuati chochote, ila amependa kwenda kuitazama nchi ilivyo kisha arudi kwake, huonekana ama anaficha jambo ama akili zimemruka. Na hukumu hiyo, ingawa hutolewa kwa mzaha na kicheko, ina asili ndefu, kwa kuwa sisi tuliozaliwa katika ukingo huu wa magharibi wa Ziwa Tanganyika tumerithi safari za haja tupu, na wengi wetu hatuijui safari ya namna nyingine.

Suala hilo limenirudia kwa sababu ya waraka wa mpwa wangu, ambaye amejaaliwa kupata kazi ya usiku katika ghala moja kaskazini ya Uingereza, naye ameazimia kuzitumia siku mbili za mapumziko yake katika Lake District, nchi ya vilima na maziwa madogo. Anataka apande garimoshi hadi Windermere, alale katika nyumba ya wageni, asubuhi atembee kwa miguu kandokando ya maji, alasiri apande mashua, na kesho yake arudi kazini. Amekwisha kupiga hesabu ya nauli, ya chumba na ya chakula, hata viatu vya kupandia vilima amevitia katika orodha, lakini kabla hajalipa amegutuka kuona kwamba jumla yake inalingana na fedha za masomo za mdogo wake aliye hapa nyumbani, akaniandikia: "Mjomba, hii si israfu? Nikiulizwa mbele ya Mungu nilikwenda kufanya nini, nitajibu nini?"

Nilicheka kwanza, sikatai, maana Windermere, ziwa lililo kubwa kupita yote katika nchi ya Waingereza wenyewe, lina urefu wa kilometa 17 hivi, na kijana huyu amekulia mbele ya ziwa lenye urefu wa kilometa 673 na kina cha mita 1,470, lisilo na mshindani wa kina duniani ila Baikal kule Siberia. Baadaye nikaona kwamba swali lake ni zito kuliko kicheko changu, na ya kuwa wakubwa wamelishughulikia tangu zamani.

Katika ukoo wetu wamo Wakatoliki na wamo Waislamu, wanaokula sahani moja siku ya Krismasi na siku ya Idi, kwa hiyo sikuona vibaya kubisha hodi katika nyumba zote mbili. Augustino, Mwafrika wa Thagaste aliyekuwa askofu wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake aliwasikitikia watu waendao kustaajabia vimo vya milima na mawimbi ya bahari, ilhali nafsi zao wenyewe wanazipita bila kuzitupia jicho. Na Petrarca, mshairi wa Kitaliani, asimulia kwamba mwaka 1336 aliupanda mlima Ventoux huko Ufaransa kwa tamaa ya kuona tu, akafungua kitabu kilekile kileleni, macho yake yakaangukia maneno hayohayo, naye akashuka kimya kwa aibu. Al-Ghazali, aliyeihama Baghdad mwaka 1095 akaacha cheo na madrasa iliyomtukuza, katika mkusanyo wake wa Ihya ametenga kitabu kizima juu ya adabu za safari, na humo anaisifu safari ya kutafuta elimu, ya kuhiji na kuzuru, ya kuikimbia fitina ya dini na ya kuyakimbia madhara ya mwili, kila moja akiipima kwa nia ya msafiri. Mtu akisoma kwa haraka atadhani kwamba wazee hawa wawili wamekwisha kumfungia mpwa wangu njia.

Mimi sioni hivyo. Augustino hakuichukia milima. Alichukia usahaulifu wa mtu aifanyaye milima kuwa mahali pa kujificha asikutane na dhamiri yake. Na katika kitabu hichohicho cha kumi, kurasa chache nyuma ya maneno yaliyomtia Petrarca haya, yeye mwenyewe asimulia jinsi alivyoiuliza ardhi, na bahari, na vilindi, na pepo zivumazo, kama wao ndio Mungu wake, vyote vikamjibu kwamba sivyo, na kwamba amtafute juu yao. Basi asiyekwenda kuitazama bahari ataiulizaje? Kadhalika Ghazali, anapofafanua safari ya elimu, haiishilizi katika kuwaendea mashekhe. Anaingiza pia kuzitazama ishara za Mwenyezi Mungu katika ardhi yake, milima na nyika na bahari na aina za viumbe, na Kurani yenyewe imewataka watu mara nyingi watembee katika nchi watazame. Mlango basi haukufungwa. Kilichowekwa ni bawabu, naye huuliza nia.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likitiliwa maanani na hao wanaotuhimiza kwamba kila hatua ya mtu iwe na faida. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Muumba, kabla ya kupumzika siku ya saba, alivitazama vyote alivyovifanya na kuviona kuwa ni vyema. Hakuvitazama ili avikague apate kuvirekebisha, wala kwa kutafuta riziki ndani yake, maana wanatauhidi wa dini zote wamekubaliana kwamba yeye ni mkwasi asiyehitaji kitu. Huko kulikuwa ni kutazama kusiko na haja yoyote, na kulitangulia haja zetu zote, kabla mvuvi wa kwanza hajatupa wavu na kabla mtu hajamdai mwenziwe. Ikiwa mwanadamu ameumbwa ili amfuate Mola wake katika wema, sielewi kwa nini afuate mfano wa kazi ya siku sita na kuuacha ule wa jicho lililoridhika.

Lakini fedha za masomo? Hapa sipendi kupamba maneno. Deni la ndugu ni deni, na mtu anayekwenda kuogelea katika mandhari ilhali mamaye analala njaa amefanya dhuluma, hata kama mandhari hayo yamempandisha machozi ya ibada. Israfu, hata hivyo, si kila senti isiyokwenda kwa jamaa. Ni kuvuka kipimo, na kipimo hakiwezi kuwa kwamba kijana afanye kazi usiku mwaka baada ya mwaka, atume fedha kwa simu kila mwezi, na asiruhusiwe kuiona nchi anayoishi ila kupitia dirisha la basi la alfajiri. Jamaa wanaomtaka hivyo, nami nimo miongoni mwao, wamemgeuza mwana wa watu kuwa mfuko. Safari yake, kwa istilahi ya mafakihi, ni mubaha: haina thawabu ya lazima wala haina dhambi, na nia yaweza kuiinua.

Nikikumbuka jinsi watu wa pande zetu walivyoiona Ulaya hapo kale, naiona safari hii ndogo kuwa na jambo jipya. Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alipokwenda Uingereza mwaka 1875, alikuwa mgeni wa serikali iliyokuwa imemshurutisha kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa miaka miwili nyuma, na katibu wake Zahir bin Said aliiandika ziara ile katika kitabu cha Kiarabu ambacho anwani yake yenyewe inaahidi burudani ya macho na fikra. Lakini ratiba ilikuwa ya wenyeji, nao ndio waliopanga aonyeshwe nini. Selim bin Abakari, ambaye habari zake za Urusi na Siberia zilitiwa katika mkusanyo wa Mjerumani Velten wa mwaka 1901, alisafiri akimfuata Mzungu wake. Apolo Kagwa na Ham Mukasa wa Buganda walikwenda mwaka 1902 kwa sababu mfalme Edward wa Saba alikuwa anatawazwa. Wote hao walikuwa na macho makali, na Ham Mukasa aliandika karibu kila alichokiona. Lakini walichotazama kilikuwa kimechaguliwa na mtu mwingine. Mfanyakazi wa ghala anayekaa na karatasi yake jioni akaamua mwenyewe kwamba Jumamosi asubuhi atageukia njia ya kushoto kwa kuwa huko kuna kilima, amepata kitu ambacho sultani hakupewa.

Kuhusu kuipanga kesho, maandiko yote mawili yana onyo linalofanana mno: Yakobo katika waraka wake anawakemea wasemao kwamba leo au kesho watakwenda mji fulani, wakae humo na kupata faida, hali hawajui yatakayokuwa kesho, na Sura ya al-Kahf inakataza kusema juu ya jambo kwamba nitalifanya kesho bila kulitegemeza kwa matakwa ya Mungu. Sisi wa Kalemie hatuhitaji kuhubiriwa sana katika hili, maana boti ya mbao huondoka ikijaa na kusi ikiruhusu, na aliyesema ataondoka saa kumi na mbili huweza kuonekana bado ameketi juu ya gunia lake saa tisa alasiri. Huko Uingereza garimoshi lina dakika yake. Sidhani kwamba kuwa na dakika ni kiburi; kiburi hudhihirika pale mvua inaponyesha siku zote mbili, kama inyeshavyo sana katika vilima vile, na msafiri akaona kwamba ameibiwa haki yake.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni haki ya mahali panapotazamwa. Hapa kwetu tunajua jicho la mgeni linaweza kufika wapi. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala, kusini ya hapa, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na mwaka uliofuata watu wake walimwua mtawala wa Watabwa, Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lilichukuliwa hadi Ubelgiji, na sanamu ya mti ya wazee wake imewekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, ambako watu hulipa kiingilio ili waitazame. Simlinganishi mpwa wangu na Storms, hasha. Nasema tu kwamba kati ya kutazama na kutwaa pana hatua fupi, na wengi waliovuka hatua hiyo walianza kwa kuisifu nchi uzuri.

Na huko aendako pia pana hadithi ya namna hiyo, japo haina damu. Mshairi William Wordsworth, mzaliwa wa nchi ile ya maziwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza wageni kilichochapishwa kwanza mwaka 1810. Kisha mwaka 1844, iliposemwa kwamba reli italetwa hadi Windermere, aliipinga gazetini, akihoji kwamba makundi ya wafanyakazi wa viwandani hayana ladha iliyofunzwa ya kuonja mandhari, na kwamba kuja kwao kwa wingi kutaviharibu walivyovijia. Reli ilifika mwaka 1847. Nusu ya hoja yake ni ya kweli, kwa kuwa uzuri huchakaa kwa kukanyagwa. Nusu ya pili ni uchoyo wa mpenzi anayetaka mchumba wake asionwe na maskini. Garimoshi atakalopanda mpwa wangu, baada ya juma zima la kubeba makasha usiku, litapita katika njia ileile ambayo mshairi hakutaka ijengwe.

Suala la mpwa wangu nalipima pia kwa yale tuliyoyapitia sisi. Katika mapigano ya Watwa na Waluba, hasa miaka ya 2016 na 2017, mamia ya maelfu ya watu wa mkoa huu wa Tanganyika walitembea masafa marefu, wakaviona vilima na mito ambayo hawakuwa wameiona kabla, nao hawakuona kitu, maana mtu akimbiaye na mtoto mgongoni hutazama nyuma yake tu. Wengine wakatua katika kambi kandokando ya mji, mbele ya ziwa ambalo mtalii angelipa ili alitazame. Safari isiyo na haja, basi, haifai kudharauliwa kuwa ni upuuzi wa walioshiba: ni alama kwamba nchi imetulia kiasi cha kumwacha mtu atoke kwake bila kufukuzwa, na kwamba atakuta mlango wake ukiwa umesimama akirudi. Wanaotuambia tungojee kwanza shida zote ziishe ndipo tuanze kutazama, wanatutaka tuishi na kufa tukiwa wakimbizi wa moyo.

Nimemjibu mpwa wangu kwamba alipe kwanza sehemu ya masomo ya muhula huu, kisha aende. Viatu aazime, kwa sababu bei aliyoniandikia ni ya kichekesho. Asiwapige picha watu wa mashamba bila kuwaamkia. Na wakimwuliza anatoka wapi, akae chini awaeleze, maana atazamaye naye akubali kutazamwa. Nimemwongezea shauri ambalo sijui atalipokeaje. Mdogo wake, ambaye jina lake limetumika katika hesabu hii yote kama kizuizi, hajaulizwa na yeyote kama angependa kutazama kitu. Amezaliwa hapa, anavua samaki kwa ndoana likizoni, na hajapata kufika Moba, ambayo iko kilometa 140 tu kwa maji, wala kupanda kutoka huko hadi uwanda wa Marungu, kwenye baridi na majani mafupi na ng'ombe, nchi alikozaliwa Stefano Kaoze, ambaye mwaka 1917 alikuwa Mkongomani wa kwanza kupewa upadre. Basi mwakani, Mungu akipenda na njia ikiwa salama, kaka yake aje kabla ya Mei, kusi haijaanza kulitibua ziwa, na nauli za boti awe amezitia katika orodha yake kwa ajili ya watu wawili; mimi nitajilipia.