Kanzu ya Kila Mwaka

Masomo: 1 Samweli 2:18–26, 3:1–18



Wiki hii tunaikuta tarehe 26 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya mapambano dhidi ya dawa za kulevya. Majukwaani yatasemwa mengi juu ya wauza unga na mashamba ya bangi, na yanastahili kusemwa. Mimi naomba tuingie nyumbani, tuanze na nguo ya mtoto.

Hana alimpeleka mwanawe Samweli Shilo angali mdogo, akamkabidhi kwa kuhani Eli. Leo tungesema alimpeleka bweni. Lakini hakumkabidhi akamsahau. Kila mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimpelekea kanzu ndogo aliyomtengenezea mwenyewe. Fundi cherehani yeyote atakuambia: mtoto anayekua hashonewi kwa vipimo vya mwaka jana. Ilimpasa Hana amtazame vizuri mwanawe kila walipoonana, ajue mabega yamepanuka kiasi gani na mikono imerefuka hadi wapi.

Wengi wetu tumebaki na vipimo vya zamani. Tunamjua mtoto wa darasa la nne, kumbe aliyelala chumbani ni kijana wa kidato cha pili. Ada tumelipa, godoro na ndoo tumenunua, na siku ya kuwatembelea wanafunzi tunafika na chakula kizuri na swali moja: umekuwa wa ngapi? Hatuulizi anakaa na nani jioni, nani anamtisha, nini kinamnyima usingizi. Wakati huohuo kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), sigara na msokoto wa bangi vinamfikia, mara nyingi kwa mkono wa rafiki. Tunakumbuka viroba, pombe kali iliyoingia katika mfuko wa sare na kununulika kwa pesa ya nauli. Serikali ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema. Lakini hakuna marufuku inayoweza kumjua mtoto wako kwa niaba yako.

Sasa tumtazame Eli, maana ndani ya mzee huyu mmoja mna malezi ya namna mbili. Habari za Hofni na Finehasi, wanawe wa kuwazaa, aliletewa na watu, tena uzeeni, taifa zima likiwa linazisema. Akawakemea, wasisikie. Kwa Samweli ilikuwa vingine. Usiku mtoto anasikia sauti, anamkimbilia. Mzee ambaye macho yamefifia anaamshwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wala hafoki. Mara ya tatu anatambua kwamba kweli kuna sauti inayomwita mtoto huyu. Kulipokucha Samweli aliogopa kusema. Eli akamsihi asimfiche neno. Habari yenyewe ilikuwa chungu, tena ilimhusu Eli na nyumba yake, naye akaipokea bila kumwadhibu aliyeileta.

Mwanao akipewa kete ya unga kijiweni, au akimwona mwenzake anavuta nyuma ya vyoo vya shule, atamkimbilia nani usiku? Kama nyumbani jibu la kwanza ni mkanda, na shuleni jibu la kwanza ni kufukuzwa, atajifunza kunyamaza. Na pusha hamfokei mtoto. Humwita kwa jina, humuuliza habari za siku.

Walimu wapendwa, sisemi kanuni zivunjwe. Anayewauzia watoto dawa achukuliwe hatua za kisheria. Lakini mwanafunzi aliyekutwa na msokoto kwa mara ya kwanza, mkimtoa darasani, mmempa siku nzima ya kukaa kijiweni. Mwiteni mzazi. Kaeni pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha, mtoto naye asikilizwe. Hana na Eli walimlea mtoto mmoja, na kila mwaka walionana uso kwa uso.

Nami nina la kuungama. Kwa miaka mingi, kwenye semina za vijana, nilimwalika ndugu aliyeacha unga asimulie mateso yake. Watoto walitulia kimya, nami nikaona kazi imekwisha. Baadaye nilisoma miongozo ya kinga ya Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, nikakuta kwamba vitisho na shuhuda za namna hiyo, vikisimama peke yake, havijaonekana kuwakinga watoto. Kinachosaidia ni kuwafundisha kukataa na kuamua, wazazi kuwa karibu nao na kujua waliko, na shule ambayo mtoto anajiona ni yake. Ushuhuda wa ndugu zetu una mahali pake: humtia moyo aliye katika arosto, na anayepanga foleni kila asubuhi kunywa dozi ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa unga, huduma iliyoanza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011.

Mfano wa kinga ya namna hiyo upo. Nchini Aislandi, mwaka 1998, vijana 42 kati ya kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Wazazi wakawekeana ahadi juu ya saa za watoto kurudi nyumbani, michezo na muziki vikafadhiliwa, shule zikashirikiana na familia. Kufikia 2016 walibaki 5.

Basi wiki hii tufanye haya. Mzazi, weka simu kando ukae na mwanao. Jua majina ya rafiki zake watatu na ya wazazi wao. Wazazi wa darasa moja, kubalianeni saa ya watoto kurudi nyumbani. Wazee wa kanisa, uwanja wetu ufunguliwe kila alasiri kwa mpira, kwaya na masomo ya jioni, na mtu mzima awepo. Na kama mtoto amekwisha kuanza, usimfungie ndani kwa aibu. Mwombee, kisha piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uelekezwe pa kupata msaada.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Samweli usiku, utusamehe tuliposikia habari za watoto wetu kwa watu wa nje. Utupe macho ya Hana, tuwajue jinsi walivyo leo. Na wakija usiku, hata mara ya tatu, utupe kuamka bila hasira. Amina.